Mdudu Ana Jina: Kutoka Hadubini ya Koch Hadi Mashine za Jeni Chini ya Uluguru



Ukitaja Morogoro mbele ya mtu wa Dar, atakutajia mji kasoro bahari, atakutajia Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kisha atamalizia na panya. Panya wa SUA wamekuwa maarufu kuliko wabunge wetu. Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa hapa Moro kisha akapelekwa Cambodia kunusa mabomu ya ardhini, alivikwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alipokufa Januari 2022, vyombo vya habari vya dunia nzima vilitoa tanzia yake.

Leo panya watapita, lakini si wao ninaowaandikia. Nataka tuongee historia ya swali ambalo kila mgonjwa huingia nalo hospitali: ninaumwa nini hasa? Swali jepesi, lakini jibu lake limechukua zaidi ya miaka 140, na kwa mtu anayeishi juu kule Mgeta au Kinole bado halijafika vizuri. Vaeni miwani, twende taratibu.

KOCH, KIMETA NA TB

Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, daktari Robert Koch alisimama mbele ya madaktari wenzake akawaambia kuwa amempata mdudu anayeleta kifua kikuu. Enzi hizo wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi, kwamba ukizaliwa katika ukoo wa wenye vifua vibovu basi na wewe umo. Koch akaonyesha kuwa ni bakteria, na kwamba ukimpaka rangi inayofaa unamwona kwa hadubini. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1876, alikuwa ameshaonyesha kuwa kimeta nacho husababishwa na bakteria. Shikeni huo mpangilio, kimeta kwanza, TB baadaye. Tutaurudia.

Wengi hawajui kuwa Koch huyohuyo alifika kwetu. Alikuja Afrika Mashariki ya Wajerumani zaidi ya mara moja, na mwaka 1905 alikuwa hapa akichunguza homa ya papasi, ile iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri waliolala kwenye vibanda vya njia za misafara. Aliwapasua papasi, akakuta vijidudu vya homa hiyo ndani yao na hata ndani ya mayai yao. Ni mwaka uleule ambao Vita vya Maji Maji vilianza, na Desemba yake Koch alipokea tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya TB.

Sasa angalia kilichotokea karibu karne moja baadaye. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Mvumi, Dodoma. Watafiti walichukua papasi na damu ya wagonjwa wa homa hiyohiyo, lakini badala ya kuishia kwenye hadubini wakasoma vinasaba vya vijidudu. Wakakuta aina mpya ya bakteria, tofauti na ile iliyozoeleka tangu enzi za Koch. Kwa macho wanafanana kama mapacha. Kwa jeni ni watu wawili tofauti.

Hapo ndipo kiini cha habari yangu kilipo. Hadubini hukuonyesha sura. Jeni hukupa jina. Na katika tiba, sura na jina si kitu kimoja.

TANZANIA NA UTAWALA WA HADUBINI

Tusiidharau hadubini hata hivyo, maana imeibeba nchi hii. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na daktari mmoja kutoka Czechoslovakia, Karel Styblo, akashirikiana na wataalamu wetu kuujenga. Fikra yao ilikuwa nyepesi: usisubiri mashine za gharama, weka hadubini hadi wilayani, tafuta wanaokohoa, pima makohozi, kisha hakikisha mgonjwa anameza dawa hadi mwisho. Ikafanya kazi. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza TB kuwa dharura ya dunia, mkakati uliofuata, ule wa DOTS, ulichota sana kutoka kwenye uzoefu wa Tanzania. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Afrika hupokea tu, mwambie kuwa mbinu ya kupambana na TB iliyotumika dunia nzima ilipikwa hapa Bongo.

Hadubini lakini ina kikomo. Ili fundi wa maabara awaone bakteria wa TB, kila mililita moja ya makohozi inahitaji kuwa nao kati ya 5,000 na 10,000. Chini ya hapo atakodoa macho mpaka yamuume asione kitu, na ataandika alichokiona, yaani hakuna.

Kisha ukaja mwaka 1983. Mwaka huo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliripotiwa Kagera. Virusi vya UKIMWI hudhoofisha kinga, na TB ndani ya mwili wenye kinga dhaifu mara nyingi haitoi bakteria wengi kwenye makohozi. Maana yake, wale waliokuwa hatarini zaidi kufa ndio hadubini ilikuwa inawakosa zaidi. Mpango mzuri uliojengwa kwa miaka sita ukakutana na ugonjwa uliojua kujificha.

KOPI BILIONI MOJA

Mwaka huohuo wa 1983, Marekani, mkemia aitwaye Kary Mullis alipata wazo akiendesha gari usiku huko California. Wazo hilo leo tunaliita PCR. Ndiyo, kile kipimo ambacho wengi tulikifahamu wakati wa UVIKO-19, ambacho siku zile bila cheti chake ulikuwa hupandi ndege. Mwaka 1993 Mullis alipewa Nobel ya kemia.

Linavyofanya kazi ni hivi. Fikiria una kitabu kikubwa chenye mamilioni ya herufi na unatafuta sentensi moja tu ambayo haipo kwenye kitabu kingine chochote. Sentensi hiyo ni ndogo mno huwezi kuiona. Unafanyaje? Unaipeleka stationery na kuitoa kopi. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne nane. Ukirudia mara 30 unapata kopi zaidi ya bilioni moja, na hapo hata kipofu ataiona.

Kitabu ni DNA ya bakteria. Unaipasha joto kwenye nyuzi 95 hivi ili nyuzi zake mbili ziachane. Unaweka vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maabara, ambavyo hunata kwenye ile sentensi tu na si pengine. Kisha kimeng'enya kinajaza nafasi iliyobaki, na mzunguko unaanza upya. Kimeng'enya hicho kinatoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, waliogunduliwa na Thomas Brock miaka ya 1960. Cha kawaida kingeungua, hiki kimezoea.

Mwaka 1993 wanasayansi walionyesha kuwa usugu wa bakteria wa TB kwa dawa ya rifampisini hutokana hasa na mabadiliko kwenye jeni moja iitwayo rpoB. Mwaka 1998 kitabu chote cha bakteria huyo kikasomwa, herufi zaidi ya milioni 4.4, jeni kama 4,000. Sasa ulikuwa unaweza kumuuliza maswali mawili kwa mpigo: wewe ni TB? Na je, dawa yetu kuu inakuua au hapana?

BARUA ZA SUMU

Kilichobaki kilikuwa kuitoa teknolojia hiyo kwenye maabara za vioo na kuiweka mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kubonyeza kitufe. Na msukumo mmoja mkubwa ulitoka mahali ambapo hungepafikiria, posta.

Mwaka 2001, wiki chache baada ya Septemba 11, barua zenye unga wa kimeta zilitumwa kwa waandishi wa habari na wanasiasa Marekani. Watu watano walikufa. Serikali yao ikataka mashine ya kuchunguza hewa kwenye vituo vya kuchambulia barua na kumtambua kimeta kwa jeni, haraka, bila mtaalamu kusimama pembeni. Kampuni ya Cepheid ya California ndiyo iliyotoa teknolojia hiyo. Baadaye mashine ya ukoo huohuo, GeneXpert, ikaandaliwa kwa ajili ya TB.

Mmeuona ule mpangilio? Kimeta kwanza, TB baadaye. Koch mwaka 1876 na 1882, GeneXpert baada ya 2001 na mwaka 2010. Tofauti ni kwamba safari ya pili ilianza kwa sababu tajiri aliogopa. Masikini alikuwa anakufa kwa TB siku zote, lakini yeye hakuwa na posta ya kulindwa.

Desemba 2010 WHO ikaidhinisha mashine hiyo. Unachanganya makohozi na dawa, unamimina kwenye kasha dogo la plastiki, unaliingiza, na chini ya saa mbili una majibu. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka huo, kati ya kila wagonjwa 100 wa TB ambao hadubini ilishindwa kuwaona, kipimo kimoja cha mashine kiliwapata 72 hivi. Toleo lililofuata mwaka 2017 linahitaji bakteria 16 hivi tu katika mililita moja. Linganisha na wale 5,000 wa hadubini.

MJOMBA

Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli nyumbani. Mjomba wangu analima kabichi na njegere Mgeta. Mwaka 2016, mimi nikiwa sekondari, alianza kukohoa. Wiki zikapita, akakonda, usiku shuka linalowa jasho. Akapimwa makohozi kwa hadubini kwenye kituo cha karibu, majibu yakawa hakuna kitu. Akapewa dawa za kifua. Akarudi tena, hakuna kitu. Hapo wazee wakaanza kunong'ona, mnajua wenyewe mambo ya vijijini, kwamba kuna mtu ana wivu na shamba lake.

Sitaki mtu amlaumu fundi wa kituo kile. Alitazama alichopewa kutazama. Bakteria walikuwa chini ya kiwango ambacho jicho linaweza kukamata, basi.

Mwezi wa nne tukamteremsha mjini, akapimwa kwa mashine ya jeni. Kesho yake jibu likatoka: TB ipo, rifampisini inafanya kazi. Miezi sita ya dawa, akapona, na msimu uliofuata alinitumia gunia la njegere bila hata kupiga simu. Wale wenye wivu na shamba sikusikia tena habari zao.

Lakini ile miezi minne alilala chumba kimoja na mkewe na mtoto mdogo. Hicho ndicho kipimo kinachokosa kinachokigharimu kijiji.

NA PANYA WETU?

Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens kwa ajili ya mabomu ya ardhini, lilihamishia mafunzo yake SUA mwaka 2000. Baadaye likajiuliza: kama panya buku ananusa baruti, kwa nini asinuse TB? Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2009. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo ingemchukua fundi wa hadubini siku kadhaa. Huletewa makohozi yaliyokwishapimwa kliniki, akagundua waliorukwa.

Ila panya hatoi jina. Anakwaruza tu, kama kusema hapa pana harufu naijua. Sampuli aliyoishuku lazima ithibitishwe maabara, kwa hadubini bora zaidi au kwa mashine ya jeni. WHO haijampitisha kuwa kipimo rasmi. Kwa hiyo wale wanaopenda kuuliza panya na mashine nani zaidi wanauliza vibaya. Panya anapunguza rundo, jeni inatoa hukumu.

KIPIMO HUJIBU ULICHOULIZA

Kuna jambo moja ambalo watangazaji wa teknolojia hawalisemi. PCR ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ukimuuliza kama huyu ni TB, atakujibu ndiyo au hapana. Hatakuambia kwamba si TB ila ni fulani.

Mkumbuke Ruangwa, Lindi, Julai 2022. Watu 20 waliugua, homa, kichwa, uchovu, damu kutoka puani, na watatu wakafa. Nchi ikashika roho mkononi. Vipimo vya Ebola na Marburg vikarudi hasi. UVIKO, hasi. Baadaye ndipo maabara ikathibitisha kuwa ni leptospirosisi, ambayo Watanzania tuliisikia siku zile kwa jina la homa ya mgunda. Bakteria huyo hukaa kwenye figo za wanyama, hasa panya, na hutoka na mkojo wao.

Kinachonisikitisha ni kwamba hakuwa mgeni. Hapa Moro watafiti wa SUA walikuwa wakimfuatilia kwa miaka mingi katika panya, ng'ombe na watu. Mwaka 2006 walitangaza kwa dunia aina yake mpya waliyoipata kwa ng'ombe wa Tanzania, wakaipa jina Sokoine, jina la chuo na la waziri mkuu aliyefariki karibu na mji huu tarehe 12 Aprili 1984. Bakteria ana jina la Kitanzania, lakini zahanati ya Mtanzania haina cha kumtambulia.

Hivyo mgonjwa wake huitwaje? Huitwa malaria. Utafiti uliofanyika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa na madaktari kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Someni tena hiyo namba. Katika waliobaki walikuwemo wenye leptospirosisi, wenye bruselosisi na wengine wenye maradhi ya mifugo na kupe ambayo hakuna aliyewauliza.

MLIMA

Sasa tunaelekea wapi? WHO inasema tangu 2021 kwamba vipimo vya jeni ndivyo viwe vya kwanza kwa mtu anayeshukiwa TB, si hadubini. Hadubini inabaki na kazi yake ya kufuatilia matibabu, kwa sababu mashine ya jeni husoma hata DNA ya bakteria waliokwishakufa. Tanzania imepiga hatua kubwa, wagonjwa wapya wamekadiriwa kushuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 183 mwaka 2023.

Lakini mashine peke yake haiponyi. Mwaka 2014 ulitoka utafiti uliofanyika nchi nne za kusini mwa Afrika, Mbeya yetu ikiwemo. GeneXpert iliwekwa kliniki, wengi zaidi wakaanza dawa siku ileile, ila baada ya miezi sita hali za wagonjwa hazikutofautiana na za waliopimwa kwa hadubini. Sababu moja ni kwamba madaktari wazoefu walikuwa wanawaanzishia dawa hata waliokosa jibu. Kumbe thamani ya mashine ni kubwa zaidi pale ambapo hakuna daktari mzoefu wa kubahatisha vizuri. Yaani juu mlimani, mahali ambapo haipo.

Kasha moja la kipimo lilishushwa bei mwaka 2012 hadi dola 9.98, na mwaka 2023 hadi dola 7.97. Sehemu kubwa ya fedha hizo imekuwa ikitoka kwa wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ilipofunga mkono tuliona jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Mashine inataka umeme usiokatika. Kuna nyingine ndogo ya Kihindi, Truenat, inayotumia betri, WHO iliipitisha mwaka 2020. Na hata bila mashine kupanda, makohozi yanaweza kushuka: sanduku la baridi, pikipiki, ratiba ya kueleweka, na simu ya kurudisha majibu. Kabichi za Mgeta hufika Kariakoo alfajiri zikiwa mbichi. Kikombe cha makohozi kinashindwaje kufika Moro mjini?

Maji tunayokunywa Dar yanashuka na Mto Ruvu kutoka Uluguru, hatujawahi kusema barabara ni mbaya. Mwaka wa uchaguzi wagombea nao hupanda hadi Tchenzema na spika zao juu ya gari. Wakija tena, waulizeni swali moja la kisayansi: mtu akikohoa hapa leo, jibu lenye jina litafika baada ya siku ngapi? Wakijibu kwa ahadi ya zahanati mpya, waulizeni ndani yake kutakuwa na nini.

Nawasikiliza, hasa mlio SUA na mlio maabara. Alamsiki.